Kompyuta Tuliyoichagua Pamoja

Sleyum, mwanangu, baba yangu,

Umelala. Nimepita mlangoni kwako sasa hivi nikaona miguu yako imetoka nje ya shuka kama kawaida yako, esi inavuma, na pazia hukulifunga vizuri, jua la alasiri limeingia mstari mmoja tu mpaka katikati ya zulia. Juu ya zulia hilo umevipanga vipande vya kompyuta yako kimoja kimoja, tayari kuvifunga. Boksi lake la bati, tupu, umelisukuma ukutani. Nimesimama pale muda, sijui dakika ngapi. Nyumba nzima imelala usingizi wa mchana, na hata mimi mwenyewe sina hakika kama niko macho sawasawa.

Kesho alfajiri unakwenda Malezia kusoma. Sitakuandikia habari za pasipoti, wala dawa ya tumbo, wala sweta. Baba yako keshakupigia simu mara nne kutoka jangwani kwenye kazi yao ya mafuta, na hayo yote keshayasema, mengine mara mbili. Mimi nina neno moja, na nalitaja hapa hapa mwanzo nisije nikalikimbia: nataka kukuomba radhi kwa ile siku niliyoizima kompyuta yako. Siku hiyo unaijua. Usilolijua ni kwamba mimi najua nilichokifanya, na nimejua muda wa mwaka mmoja na nusu.

Kwetu anayesafiri ndiye anayezunguka kuomba radhi. Tangu juzi umezunguka kwa mashangazi na majirani, na wote wamenipigia simu kunisifia. Leo baada ya Magharibi utakuja kwangu na utaniambia, "Mama, nipe radhi zako." Nami sitaki uniombe kabla mimi sijakuomba. Nitaona haya.

Lakini acha kwanza nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu nimeshinda huko tangu asubuhi.

Ulikuwa na miaka kumi na sita ulipokuja jikoni na karatasi. Nilikuwa nakuna nazi. Ukasema unataka kompyuta ya kuchezea gemu, na utaiunda mwenyewe. Mimi nikijua kompyuta hununuliwa nzima, kama friji. Ukanisomea: prosesa, ramu, kadi ya picha, feni, na bodi, ile kubwa ambayo wenzake wote huchomekwa juu yake. Nikakuuliza, "Na ukishaviweka pamoja visikubaliane?" Ukacheka ukasema, "Ndiyo maana mtu anachagua, Mama."

Nilikubali kwa sharti moja, twende pamoja dukani. Nikakwambia ni kwa sababu sitaki uibiwe. Ukweli ni kwamba ulikuwa umeanza kufunga mlango wa chumba chako, nami nilikuwa natafuta njia ya kuingia.

Basi zile Jumamosi zetu! Karibu miezi mitatu tulikuwa tunakwenda Ruwi, kwenye maduka ya kompyuta ya hapa Muscat, kutazama tu, si kununua. Yale maduka nayaona hata nikifumba macho: yale maboksi ya kioo yamepangwa mpaka juu, feni zinazunguka ndani kimya kimya na taa zake, buluu, kisha zambarau, kisha waridi. Nje joto la kuyeyusha ndala, ndani baridi na taa zile. Nilikuwa nahisi nimelala na ninatembea. Wewe unazungumza na wauzaji kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, na kwangu unageuka kwa Kiswahili unanifasiria, na mimi ninaitikia hata nisichokielewa. Sijui kama niliwahi kukwambia: sijapata kuwa na furaha ya namna ile tangu ulipokuwa unanyonya.

Ulinifunza kwamba haianzi kompyuta, inaanza haja. Unajiuliza kwanza unataka kufanya nini, kisha unatazama ulichonacho. Ulikuwa na ile skrini ndogo ya zamani ya ofisini kwa baba yako. Muuzaji mmoja alikuwa anakusukumia kadi ya picha kubwa, ya fahari, nami nikawa nishavutika. Ukamjibu pale pale, "Skrini ndogo haitaki kadi kubwa, itakaa bure." Nikakutazama. Miaka yangu yote sikuwahi kukataa kitu kwa sababu nzuri kama ile. Mimi ninapokataa hukataa kwa sababu watu watasema, na ninapokubali ni kwa sababu hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo ila yangu, baba, na unaijua, lakini hatujawahi kuitaja. Nimeishi na macho ya watu. Pazia za majlisi nilizichagua kwa ajili ya wageni, rangi ambayo siipendi mpaka leo. Nilipomaliza skuli nilipata nafasi ya kusomea uuguzi, nikaiacha kwa sababu shoga zangu wote walikuwa wanaolewa na niliogopa kuonekana nimebaki. Sikuadhibiwa kwa hilo. Baba yako mtu mwema. Lakini kuna alasiri kama hizi najiona nimevaa nguo nyeupe, natembea kwenye korido ndefu, na kuna mtu kitandani ananisubiri mimi. Kisha naamka na kwenda kupika.

Unakumbuka boksi la kutilia vyote hivyo? Mimi nililitaka lile la kioo na taa. Wewe ukanipeleka mtaa wa Ghala, kwenye bohari moja walimokuwa wanauza vitu vilivyotolewa maofisini, ukaokota bati la rangi ya maziwa yaliyochacha, kona moja limebonyea. Nikasema, "Sleyum, watu wakija wakiliona hilo?" Ukasema, "Mama, boksi halichezi." Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, lakini nilicheka kwa sababu lilinichoma.

Na Wadi Kabir, kwa Baraka, yule fundi wa Kenya mwenye kijiduka nyuma ya magereji, anayeuza vipande vilivyokwisha tumika. Mara ya kwanza sikutaka hata kuteremka garini. Kumbe ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote. Kadi yako ya picha hakukuuzia mpaka alipoichomeka mbele yetu ikafanya kazi nusu saa nzima, feni zinalia, na yeye anatukaribisha chai ya maziwa. Mimi nikataka tubane kwenye pawa saplai, maana ni kile kidude cheusi cha kugawia umeme, kinachojificha chini, hakuna anayekiona. Baraka akaweka kikombe chini.

"Madam, hapo usibane. Hizo zingine zote ziko fiti, lakini pawa ikikufa inakufa na wenzake. Mi nimeona mtu ananunua kadi ya maana, halafu anaweka pawa ya bei ya shawarma. Wallahi siku tatu, khalas."

Tukaichukua ile aliyoitaka yeye. Na tulipotoka pale, unakumbuka, hatukurudi nyumbani. Nilipitiliza tu mpaka Qantab, baharini, sijui kwa nini, mikono yangu ilikuwa inajiendea yenyewe. Tukaegesha pale mlima unapokwisha, tukala mishikaki ndani ya gari, na wewe umeipakata ile kadi miguuni kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshikie. Ukaniambia, "Mama, wewe huna gemu unayoipenda?" Nikakwambia sina. Ukasema, "Tutakutafutia." Maji yalikuwa yametulia kabisa. Nilitaka jua lisitue siku ile.

Siku ya kuiunda nilikushikia tochi. Ulipofika kwenye prosesa ukanipa niiweke mimi. Nilitaka kuibonyeza, ukanishika kifundo cha mkono: "Usisukume, Mama. Ikikaa sawa inaingia yenyewe." Nikaiacha, ikaingia. Nimelea watoto watatu na hakuna aliyewahi kuniambia neno la faida kama lile. Ungeniambia mapema! Nimesukuma vingi maishani vilivyokuwa vinahitaji kugeuzwa kidogo tu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Idi pili, mwaka mmoja baadaye. Ulikuwa umepata kwa Baraka prosesa nyingine, bora kuliko ile ya kwanza, na ukanieleza jana yake kwamba bodi haitaitambua mpaka uiandike upya programu yake ya ndani, na kwamba wakati inaandikwa haiguswi wala haizimwi. Ulinieleza. Nilikuwa napanga halwa kwenye sahani na nikaitikia "ee, ee" bila ya kusikiliza. Kwa hiyo hata kusema sikujua si kweli, nilikuwa nimeambiwa.

Ami Hamed akaja kutoka Nizwa bila ya kupiga simu, na wanawe, na wakwe. Mkubwa wa ukoo wa baba yako. Baba yako yuko jangwani, kaka yako yuko Sohar, na mwanamume wa nyumba ni wewe. Wageni wamekaa majlisi na hakuna wa kuwamiminia kahawa. Nikaja mlangoni kwako.

"Sleyum, wageni."

"Nnakuja, Mama. Dakika tano tu."

Nikarudi. Nikasikia Ami Hamed anakohoa kile kikohozi chake. Nikaja tena, ukasema tena dakika tano, macho yako kwenye skrini, na sauti yako ilikuwa ya kuomba, sasa ndiyo naisikia. Mara ya tatu niliingia ndani. Nilipita nyuma ya kiti chako nikazima swichi ya ukutani.

Hukupiga kelele. Uligeuka ukanitazama, uso wako umekauka, kisha ukasimama, ukaenda kunawa mikono. Nikakufuata kwa macho kupitia mlango wa majlisi. Dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, ukaanza na mkubwa, ukainama kila mahali pa kuinama, ukasubiri kila mmoja atikise kikombe chake kuonyesha ametosheka. Ami Hamed akasema, na mimi nilimsikia kutoka upande wa pili, "Mashaallah, huyu kafunzwa." Nilijaa, mwanangu. Nilisimama nyuma ya mlango ule nimejaa furaha, na bodi yako imekufa.

Sikukwambia kwa nini kahawa ile ilikuwa kubwa hivyo kwangu, nawe huwezi kujua kwa sababu umezaliwa hapa. Sisi tulikuja kutoka Unguja nikiwa mtoto wa miaka saba. Kiarabu chetu kilikuwa kibovu, na jamaa waliotupokea walikuwa wanatucheka, kwa upole, lakini wanatucheka: hawa wa Zinjibari hawajui mila. Bibi yako akatufungia chumbani akatufunza kahawa kwa maji matupu, mimi na ndugu zangu, siku baada ya siku, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Alikuwa anasema, "Wasipate pa kutushika." Kisha nikaolewa kwa watu wa Nizwa. Kila anapokuja Ami Hamed narudi kuwa mtoto wa miaka saba mwenye dele la maji. Hiyo ndiyo iliyozima swichi ile. Sikuandikii ili unihurumie, nakuandikia kwa sababu najua, na ni haki yako kujua.

Baada ya Idi ulisema kompyuta imeharibika, bahati mbaya. Uliitia bodi ndani ya katoni yake ukaiweka juu ya kabati. Nikakuona unashinda na simu, unasoma, unalala, na nikaona niichukue kwa siri nimpelekee Baraka aitengeneze, nikushangaze. Nikaenda peke yangu Wadi Kabir na mfuko mkononi. Akakaa nayo siku mbili. Niliporudi akanitazama.

"Madam, hii ilizimwa katikati. Ilikuwa inaandikwa, mtu akakata stima. Sasa imebaki nusu, haijui hata kuamka. Nimejaribu kuiandika tena mara mbili, imekataa."

Nikamwambia, "Labda umeme ulikatika."

"Muscat hii? Siku ya Idi? Nyumba moja?" Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akasema tu, "Kijana hakukuambia?"

Hukuniambia. Nilikaa garini pale nje ya magereji, gari haijawashwa, jasho linanitiririka, na nikaelewa kwamba ulijua tangu dakika ile ile, na ukaenda ukanawa mikono.

Nikairudisha bodi juu ya kabati kama ilivyokuwa. Hapo ndipo lilipoanza kosa lenyewe. La kwanza lilikuwa la hasira, na hasira ina udhuru. Baba yako alipokuja mapumziko akakutania mezani mbele ya kaka yako: "Si nilikwambia? Vitu vilivyotumika! Rahisi ghali." Wakacheka. Wewe ukatazama sahani yako. Mimi nimeshika bakuli la mchuzi, nimeshajua kila kitu, na sikufungua mdomo. Ningesema neno moja tu. Nikasema, "Ongezeni wali." Akakutania tena safari iliyofuata, na iliyofuata, na mimi kila mara nikatia wali. Mtoto wangu alinisitiri, nami nikaenda kujificha nyuma yake.

Ukaweka akiba yako miezi minne. Siku moja nimerudi sokoni nikakuta katoni ya bodi nyingine kwenye pipa la jikoni, na chumbani kwako feni zinazunguka.

"Umekwenda lini kwa Baraka?"

"Jumamosi, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani una kazi."

Jumamosi ile nilikuwepo nyumbani kutwa, Sleyum. Nilikuwa nimekaa sebuleni. Ulipita mbele yangu ukasema unatoka. Hukuwa na hasira, hukunifanyia ubaya wowote, ulikwenda tu peke yako, na tangu siku hiyo hujaniuliza tena kadi gani, ramu gani, wala hujanitafutia gemu. Adabu yako kwangu imezidi tangu wakati ule, na ndiyo inayoniuma. Mgeni ndiye anayefanyiwa adabu kiasi kile.

Nilikuwa nikijiambia wakati utakuja. Mzazi kwetu haombi radhi kwa mtoto. Bibi yako hakuniomba mimi, na alikuwa nayo ya kuniomba. Alifariki huku anataka kusema kitu, amenishika mkono, nami nikamwambia, "Pumzika, Mama," kwa sababu niliogopa kukisikia. Sijui mpaka leo kilikuwa nini. Mara nyingine, saa hizi za alasiri, nahisi yupo upande wa pili wa pazia na angali anakitafuta. Sitaki wewe uje kukaa hivyo siku moja unanisubiri mimi.

Huko uendako utakutana na watu, utaoa inshaallah, utakuwa na mtu anayekuomba dakika tano. Sina wasia juu ya hilo. Mimi mwenyewe nina umri huu na sikujua kuzitoa. Nakwambia tu kwamba wageni walikaa saa moja, wakala halwa, wakaondoka, na Ami Hamed hakumbuki hata kidogo kama kahawa ilichelewa. Nilimuuliza mwaka huu. Hakumbuki kama alikuja.

Basi. Nimeizima mimi, Sleyum. Ulinionya kabla na sikukusikiliza, uliniomba mara mbili na sikukupa. Nilipojua, niliacha ubebe wewe, mbele ya baba yako na kaka yako, mwaka mmoja na nusu. Baba yako nitampigia leo, kabla hujaondoka nchi hii, na nitamwambia kwa mdomo wangu. Kaka yako vile vile. Nakuomba radhi, mwanangu. Niwie radhi.

Nilikuwa nimeamua barua hii niikunje niitie kati ya mashati yako, uione ukishafika, bahari iko katikati na mimi siuoni uso wako. Nimebadilisha nia. Naja kukuamsha sasa hivi. Utaisoma mbele yangu, na mimi nitakaa kwenye zulia hapo hapo. Na ukiimaliza, tafadhali, usiinuke ukanibusu kichwa ukasema "hakuna neno, Mama." Neno lipo. Nikasirikie kwanza.

Mama yako